Zulia la Kuchapiwa Waungwana

Wengine waliwajua waungwana wa jimbo la Podlasie kwa masharubu yao, wengine kwa panga zao. Paraska, mfua nguo wa jumba la Bwana Kastelani, aliwajua kwa upande wa nyuma. Kwa miaka kumi na minane yeye ndiye aliyekuwa akilibeba zulia begani, akilitandaza uani mbele ya ghala, kisha akisogea kando na kukunja mikono huku bwana fulani, mwenye nembo ya ukoo na babu aliyepigana na Watatari, akifungua mshipi na kulala kifudifudi.

Maana hiyo ndiyo ilikuwa sheria. Mtwana huchapwa chini, vumbini, au topeni kama mvua imenyesha. Mwungwana huchapwa juu ya zulia. Mjeledi ni uleule, mkono ni uleule, na kilio hakitofautiani sana. Paraska, aliyeuonja wa chini mara tatu, alikuwa tayari kuapa kanisani kwamba waungwana hulia zaidi. Lakini ukiwa na maua mekundu ya Kituruki chini ya tumbo lako, wewe ni mtu. Ukiwa na kinyesi cha kuku, wewe ni mali ya mtu.

Miaka miwili nyuma, wakati wa Kwaresima, nondo walikuwa wameliingia zulia lile. Bwana Wit, msimamizi wa jumba, alilinusa akapiga chafya.

"Litupe huko, Paraska. Linaniwasha pua."

"Na waungwana je, Bwana Msimamizi? Wakikosea?"

"Nani wa kuwachapa? Bwana Kastelani yuko Warszawa mwaka mzima, na mimi nina jongo. Litupe."

Paraska alilibeba kama alivyoagizwa, ila hakwenda nalo jaani. Alikwenda nalo nyumbani, akalitia matundu mawili ya kamba, akamvisha Krasula, ng'ombe wake. Zizi lake lilikuwa na nyufa ambazo paka angepita bila kukunja masharubu, na ng'ombe anayetetemeka usiku kucha hatoi maziwa. Tangu Krasula avae zulia, ndoo ilikuwa inajaa majira yote ya baridi, mpaka Pasaka. Wajukuu watatu wa Paraska, walioachwa na mama yao aliyekufa kwa homa, walikuwa wamenenepa mashavu kwa sababu ya zulia la kuchapiwa waungwana.

Halafu Krasula akavuka mtaro.

Ng'ambo ya mtaro ule kulikuwa na kijiji cha Mordawy, nyumba kumi na moja, zote za Mordawski, zote za waungwana. Ukipiga kelele "Bwana Mordawski!" katikati ya njia, walitoka wanaume kumi na wanane na mbwa wao, na wote kumi na wanane wana njaa. Mtaro ulipakana na malisho ya Hieronim Mordawski. Huyu alikuwa na buti jozi moja, ambazo Jumapili alizibeba kwapani mpaka mlango wa kanisa, akazivaa hapo, akaingia akizigongesha sakafuni. Shamba lake alililima mwenyewe, miguu mitupu, upanga umening'inia kiunoni kwa kamba ya magome ya mti. Kila alipofika mwisho wa mfuo aliuchomeka upanga ardhini, ili mpita njia asije akamdhania mkulima.

Paraska alimfuata ng'ombe wake siku ileile, na ile ya pili.

"Bwana, nimekuja kumchukua ng'ombe wangu."

"Ng'ombe gani?" Hieronim alikuwa amekaa kizingitini, akimenya kitunguu kwa kisu cha babu yake. "Mimi nina mfungwa wa vita. Amevamia nchi yangu."

"Amekula majani mawili ya baridi, Bwana. Mwenyewe umeona meno yake. Nitakuja kukufulia mwezi mzima, bure."

"Nguo gani?" aliuliza mkewe Salomea kutoka ndani, kwa sauti ya mtu aliyechoka zamani.

"Nyamaza, mke wangu. Sikiliza, we Paraska. Mwungwana habishani na mtwana. Nikibishana na wewe tutakuwa sawasawa, sasa dunia itasimama kwa miguu gani?" Akatafuna kitunguu, machozi yakamtoka, akaendelea na heshima yake hivyohivyo. "Nenda salama."

Salomea alipita nyuma yake na ndoo ya maziwa. Hakumtazama Paraska. Maziwa yalikuwa yakitoa mvuke.

Bwana Wit naye hakuwa na msaada. "Hilo ni la waungwana," alisema, akijikuna mguu uliofungwa matambara. "Nikiingilia, wote kumi na wanane watanijia hapa wakitaja mababu. Sina kichwa cha kusikiliza mababu."

Basi siku kumi wajukuu walikunywa maji ya shayiri. Mdogo alianza kukohoa. Paraska alifua mashuka ya bibi wa jumba ambaye hakuwepo, akiyapigiza juu ya jiwe kwa nguvu zisizohitajika.

Wakati huohuo, wilaya nzima ilikuwa na habari moja mdomoni. Baltazar Krupa, mwungwana wa upande wa pili wa yale malisho, alikuwa ameyapenda malisho. Kwa kuwa hakutaka kuyanunua, alikwenda mahakama ya Brańsk akatamka kwamba Hieronim si mwungwana hata kidogo. Kwamba babu yake alikuwa mtengeneza ngozi aliyetoka kusikojulikana, akajipachika jina. Shitaka la namna hiyo halina mchezo. Hieronim akishindwa, nusu ya ardhi inakwenda kwa Krupa, nusu nyingine kwa Bwana Kastelani, na Hieronim mwenyewe anakuwa mtwana wa jumba, yeye na Salomea na watakaozaliwa.

Karatasi za ukoo zilikuwa zimeliwa na panya. Walibaki mashahidi, na mashahidi wake walikuwa makaburini. "Baba yangu alichapwa juu ya zulia kwa Kastelani mzee!" alilia Hieronim mbele ya hakimu. Hakimu, mwungwana mwenye usingizi, akasema hiyo ingekuwa hoja nzuri sana kama yupo aliyeona. Akampa muda mpaka sikukuu ya Mtakatifu Martino alete waungwana sita wa kuapa kwamba walimwona yeye au baba yake akitendewa kama mwungwana.

Mordawy walikaa kikao. Mtu mwingine angetafuta karatasi, au angepatana na jirani. Mordawy walifikiri siku tatu, wakatoka na jibu: Hieronim akachapwe.

Jumanne asubuhi, Paraska akianika mashuka uani, Hieronim aliingia langoni amevaa buti, siku ya kazi. Nyuma yake walikuwa Mordawski sita, kila mmoja na upanga wake, wamepanga mstari kama wanakwenda kuposa. Jumapili iliyopita Hieronim alikuwa ameandikishwa kuwa mtumishi wa Bwana Kastelani, maana Kastelani huwachapa walio wake tu. Sasa kilichobaki ni kosa. Akainua gobori, akalenga, akampiga risasi bata mzinga wa Bwana Wit aliyekuwa anatembea zake kando ya kisima.

Manyoya yalitanda hewani. Bwana Wit alitoka akichechemea, kofia ya kulalia ingali kichwani.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi!" Hieronim alipiga hatua mbele, kifua nje. "Hieronim Mordawski, mtumishi wa Bwana Kastelani. Nimemwua bata mzinga wako kwa makusudi, Bwana Ndugu, na kwa dharau." Ndivyo waungwana walivyoitana, Bwana Ndugu.

"Amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nakuomba unihukumu."

Bwana Wit aliwatazama wale sita, akaelewa, akavuta pumzi ndefu. Alikuwa amelea bata yule kwa ajili ya Noeli. "Mijeledi thelathini. Kwa jina la Bwana Kastelani."

"Baba yangu alipewa arobaini," alisema Hieronim, kwa sauti ya mtu anayepunjwa sokoni.

"Arobaini basi! Na nitatafuta mtu mwenye mkono mzito. Paraska! Zulia!"

Hapo ndipo farasi aliposikika langoni. Baltazar Krupa alishuka, mnene, mwenye koti la manyoya ya mbweha, akitabasamu. Mordawy hakuna siri. Kikao chao kilisikika mpaka Lituania.

"Nimekuja kutazama, Bwana Ndugu," alimwambia Bwana Wit. "Si vibaya? Napenda heshima ikitendwa."

"Paraska, umekuwa kiziwi?"

Paraska alikuwa ameshika ncha ya shuka. "Bwana Msimamizi uliniambia nilitupe."

"Lini?"

"Kwaresima ya mwaka juzi. Lilikuwa linakuwasha pua."

Bwana Wit aliikuna kofia yake. "Mazulia mengine?"

"Vyumbani, Bwana. Na funguo ziko Warszawa na bibi."

Krupa alianza kucheka polepole, tumbo kwanza. "Basi hakuna zulia. Lakini hukumu imetoka, tena kwa jina la Kastelani. Haiwezi kurudi mdomoni. Au inaweza, Bwana Ndugu?"

"Haiwezi," alikiri Bwana Wit.

"Basi mlazeni hapo chini. Naona pamekauka. Na mabwana hawa sita wako hapa tayari kuwa mashahidi. Jumatatu watakuja Brańsk kuapa mbele ya Mungu jinsi walivyomwona Hieronim Mordawski akichapwa vumbini."

Rangi ilimtoka Hieronim usoni kama maji yanavyotoka kwenye nguo inayokamuliwa. Wale sita waliangaliana. Mmoja alivua koti lake, akalitandaza.

"Hilo ni koti," alisema Krupa.

Mwingine alipendekeza shuka la Paraska.

"Shuka! Anachapwa au analazwa?"

Mchapaji alikuwa amefika na mjeledi wake, naye alikuwa mwungwana pia, kwa sababu mwungwana hawezi kuchapwa na mtu wa hivihivi. "Amueni jamani," alisema. "Mkono unapoa."

Hieronim aligeuka akatazama lango, ghala, mbingu. Mtu aliyeingia uani amejaa kama chungu cha uji sasa alikuwa akirudi nyuma hatua kwa hatua ndani ya buti zake za Jumapili. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa anaitazama ardhi kwa karibu, na Paraska aliona kwamba haimpendezi. *Hapo ndipo nilipolazwa mimi mara tatu,* alifikiri. *Karibu na hilo jiwe. Ukiuma mkono, husaidia.*

Angeweza kunyamaza. Angemwona akilala, angekwenda nyumbani akalala usingizi mtamu. Lakini usingizi mtamu hauna maziwa. Akabana shuka kwenye kamba, akajipangusa mikono.

"Bwana Msimamizi, nilisema uliniambia nilitupe. Sikusema nililitupa wapi."

Vichwa kumi vilimgeukia.

"Kitu kilichotupwa na jumba, Bwana, kinakuwa cha nani?"

"Cha aliyekiokota, shetani akuchukue! Liko wapi?"

"Mabwana wote wamesikia? Cha aliyekiokota?"

"Tumesikia!" walipiga kelele Mordawski sita, ambao wangekubali hata kwamba mwezi ni wake.

Paraska akamwendea Hieronim. Alisimama karibu kuliko mtwana anavyosimama. "Bwana ana ng'ombe wangu."

"Mfungwa wa—"

"Ng'ombe."

Hieronim alimtazama Krupa, akalitazama vumbi. "Ng'ombe," alisema.

"Nataka neno la mwungwana, mbele ya mabwana hawa. Kwamba Krasula ni wangu, leo na siku zote, akivuka mtaro asivuke. Yeye na alichovaa."

"Alichovaa? Lile gunia?"

"Neno, Bwana. Bwana mchapaji mkono unampoa."

"Wewe mwanamke, unajadiliana na mwungwana?"

"Mimi? Hata. Bwana akilala hapo chini, ndipo tutajadiliana. Tutakuwa sawasawa."

Mtu mmoja kati ya wale sita alikohoa kicheko akakigeuza chafya. Hieronim aliweka mkono juu ya mpini wa upanga wake, kamba ya magome ikalia. "Neno la mwungwana," alisema, na kila neno lilimtoka kama jino. "Krasula ni wake. Yeye na alichovaa."

"Ahsante, Bwana. Sasa tuma mtu zizini mwako. Zulia liko mgongoni mwa Krasula."

Krupa akapasuka kwa kicheko, akashika tandiko la farasi wake asije akaanguka. "Siku kumi! Siku kumi umeufungia uungwana wako zizini, na umekamua chini yake!"

Mordawski mwenye miguu mirefu alitumwa mbio. Mchapaji akakaa juu ya gogo. Bwana Wit akaagiza bia, akampa kila mwungwana, hata mhukumiwa, kwa kuwa si adabu kumwacha mtu na koo kavu. Walizungumza habari za bei ya farasi. Manyoya ya bata mzinga aliyekufa yalimrukia Hieronim miguuni, naye hakuyapangusa.

Akatokea Krasula. Salomea mwenyewe alimwongoza, kilemba cha kanisani kichwani, na ng'ombe akaja akitembea kwa madaha katikati ya mistari miwili ya waungwana, maua mekundu ya Kituruki yakimning'inia mbavuni, na samadi kidogo pindoni. Paraska alimfungua kamba, akalikung'uta zulia mara mbili, akalitandaza mbele ya ghala kama zamani.

"Hili ni vazi la ng'ombe!" Krupa hakucheka tena. "Linanuka! Napinga! Nitasema Brańsk kwamba amechapwa juu ya vazi la ng'ombe!"

Bwana Wit aliinama kwa shida, mguu wake wa jongo ukiwa umenyooka kando. Akaigeuza kona moja, akaipitisha kidole. Uso wake ukalainika.

"Kona hii," alisema, "niliing'ata mimi. Enzi za Kastelani mzee, kwa ajili ya farasi fulani. Angalia, meno haya. Wakati huo nilikuwa nayo yote." Akainua macho. "Na baba yako, Bwana Ndugu Baltazar, alilala papo hapa, mara mbili, nami nilimshikia mshipi wake. Sasa niambie taratibu, nisikie vizuri. Hili ni zulia, au ni vazi la ng'ombe? Maana kama ni vazi la ng'ombe, itabidi Brańsk waulize na baba yako alichapwa juu ya nini."

Krupa akajifungia koti la mbweha mpaka shingoni.

"Ni zulia," alisema.

"La Kituruki?"

"La Kituruki."

Hieronim alilala. Jamani, hajawahi kulala mtu kwa furaha namna ile. Alijinyoosha, akaweka shavu juu ya ua jekundu, na katika mjeledi wa kwanza mpaka wa kumi alihesabu kwa sauti, kwa heshima ya ukoo. Kuanzia wa kumi na moja alimwita mama yake. Kuanzia wa ishirini aliwaita watakatifu, wa Roma na wa Kirusi bila ubaguzi. Mordawski sita walisimama kofia mkononi, machozi yakiwalowesha masharubu. "Kama baba yake!" alisema mmoja. "Sauti ileile!" Walipomwinua walimbusu mashavuni yote mawili, wakamwita Bwana Ndugu, wakambeba mpaka nyumbani kama bwana harusi, tumbo chini.

Paraska alilikunja zulia, akamvisha tena Krasula, akamwongoza nyumbani. Jioni ile mjukuu mdogo alikunywa vikombe vitatu, akalala amejishika tumbo.

Huko Brańsk, Jumatatu, wote sita waliapa. Hakimu alitaka kujua zulia lilikuwa la namna gani. Krupa mwenyewe, akiulizwa, alijibu la Kituruki, tena zuri. Hieronim Mordawski akaandikwa kitabuni kuwa mwungwana, yeye na kizazi chake, na kwa wiki mbili alisikiliza misa amesimama.

Ungedhani ametosheka. Lakini baada ya Noeli, theluji ikiwa imefika magotini, Paraska alisikia buti zikigonga nje ya zizi lake. Hieronim alikuwa amesimama hapo na kofia mpya ya manyoya, ndefu, iliyomgharimu sijui kuku wangapi.

"Paraska. Nimekuja kuchukua zulia."

"Bwana amekosea tena? Si uende jumbani."

"Usinifanyie mzaha. Ni hati ya ukoo wangu lile. Nataka kulitundika ukutani, chini ya nembo. Wanangu wakizaliwa walione." Akashusha sauti. "Si vizuri likiwa juu ya ng'ombe. Watu wanasema."

"Wanasemaje?"

Hieronim alikohoa. "Wanasema kama zulia ndilo linalothibitisha, basi ng'ombe wako ana ushahidi wa majira mawili, na mimi wa asubuhi moja."

"Watu wabaya," alisema Paraska, akiendelea kukamua. "Krasula hajawahi hata kuringa."

"Nitalichukua kwa nguvu basi!"

"Chukua, Bwana. Nani atakuzuia? Mimi ni mtwana tu." Maziwa yalilia ndooni, kulia, kushoto. "Ila ulitoa neno. Yeye na alichovaa. Walisikia sita, na Bwana Msimamizi, na Bwana Krupa. Na Bwana Krupa ana masikio mazuri sana siku hizi. Atapenda kwenda Brańsk kuuliza mtu anayevunja neno la mwungwana anaitwa nani."

Hieronim alisimama mlangoni. Baridi ilikuwa inaingia nyuma yake, na mkono wake ulikuwa umekwisha gusa pindo lile jekundu. Ukabaki hapo kidogo. Kisha akauondoa.

"Walau mpige brashi," alisema.

"Ingia umpige mwenyewe. Brashi iko hapo kwenye msumari."

Alisitasita. Akatazama nyuma, kama kuna mtu njiani. Hapakuwa na mtu, theluji tupu. Mlango wa zizi ulikuwa mfupi na kofia yake ilikuwa ndefu. Ilimbidi aivue, aikumbatie kifuani, na ainame mpaka kiunoni ndipo aingie. Krasula aligeuza kichwa akamtazama, taya zikitafuna, halafu akarudi kwenye majani yake.

Bwana Mordawski akachukua brashi, akaanza kwenye lile ua alilolaza shavu.

"Usimguse mbavuni kwa nguvu," alisema Paraska. "Hapendi kuzoewa."